Mvinje Niliousingizia

Majina siandiki. Si kwa kuogopa, maana walio wengi wamekwisha kufa, na waliobaki Kiswahili wanajitia hawakijui. Siandiki kwa sababu hakuna haja. Nikisema ami yangu, ndugu yake baba kwa baba mmoja, watu wa Ghubra ya zamani watamjua. Nikisema mke wa ami, watamjua zaidi. Na nikisema mimi, basi nimekwisha jitaja, na ndiye ninayemtafuta.

Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mie na mama. Baba hakutoka. Aliyewaonyesha waliomfuata nyumba yetu ni jirani wa mlango wa pili, mtu aliyekuwa akiazima ngazi yetu kila akitaka kuezeka. Huyo nimekwisha mwachia Mungu. Leo nataka kusema habari za mti.

Mama alikuwa na dhahabu zake, bangili nne na kidani. Siku zilipochafuka alizifunga kifundo ndani ya kanga kuukuu, akakificha kwenye kikapu cha kuwashia moto, chini ya vikokwa vya mvinje. Mivinje ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, pwani, na vikokwa vyake vikikauka vinashika moto upesi, ndivyo tulivyokuwa tukiwashia mkaa. Na vikokwa navyo vingine alikuwa amevifunga kifundo vile vile, kwenye kanga nyingine, visipate mvua. Asubuhi tulipoambiwa tutoke, tena mbio, mama akatia mkono kikapuni akachomoa kifundo, akakichomeka kifuani. Siku ya pili, tuko ndani ya meli, alikifungua. Vikokwa vitupu, na mchanga.

Nakuapia mama alicheka. Alicheka mpaka wanawake wengine wakadhani akili imemruka. Mie sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilijua vizuri kwamba pale ndipo harusi yangu ilipoishia.

Ami alikuwa na shamba Ghubra, huku nchi ya Waarabu, karibu na bahari. Siku hizo Ghubra haikuwa na maduka wala skuli, ilikuwa mchanga, nyumba za makuti ya mtende, na visima. Shamba la ami lilikuwa na mitende kama thelathini, mistari miwili ya milimau, na kisima kimoja kizuri ambacho watu walikuwa wakikisifia njia nzima mpaka Matrah. Alitupa ghala la pembeni, lililokuwa la nyasi za ng'ombe. Nashukuru. Nasema nashukuru kwa sababu mkewe alikuwa akitaka tuseme hivyo kila siku, na mdomo umezoea.

Mke wa ami alizaliwa Unguja kama sisi, akaja kuolewa huku bado kigori. Kiswahili alijitia amekisahau, ila akitukana kilimrudi chote. Mama alipomwonyesha vile vikokwa, alipiga kofi.

"Makubwa haya! Wenzio wanakuja na dhahabu, wewe shemegi umekuja na kuni!"

"Nimekuja na mti," mama akamwambia.

"Haya, uvae basi shingoni."

Mbegu za mvinje ni ndogo, kama chawa mwenye ubawa. Mama alitoboa makopo ya samli chini, akatia mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza, akazimwaga juu akazifunika kidogo tu. Za mwanzo zilichukuliwa na sisimizi zote, siku moja, safu ndefu mpaka ukutani. Mara ya pili akaliweka kopo ndani ya sinia lenye maji, kama tulivyokuwa tukiweka miguu ya kabati ya vyakula kwetu, sisimizi wasivuke. Zikaota. Zilikuwa nyuzi tupu za kijani, ukizipumulia zinalala. Baada ya mwezi zikaanza kugeuka manjano. Mama akafikiri, kisha akaichukua ile kanga ya vikokwa, akaikung'uta mchanga wake wa mwisho juu ya miche, mchanga wa kwetu. Sijui alijuaje. Zikarudi kijani. Watu waliosoma wameniambia upo ugonjwa wa mti kukosa udongo wake, basi huenda ikawa ndiyo hiyo.

Miche mitatu ilifika kimo cha shubiri. Mmoja aliula mbuzi, mmoja uliunguzwa na gharbi, ule upepo wa moto wa kiangazi. Ukabaki mmoja. Mama akamwuliza ami aupande wapi, na ami mwenyewe, kwa kidole chake, akaonyesha baina ya ghala letu na kisima, hatua tisa kutoka kisimani. Nazitaja hatua hizo kwa sababu baadaye alisema mama aliupanda pale kwa siri.

"Lakini maji ya kisima ni ya mitende na milimau," ami akasema. "Huo wako unazaa nini?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikifasiri. Mama Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu.

"Mwambie unazaa upepo."

Ami akacheka. "Basi unywesheni upepo."

Kwa hivyo mvinje ule ulikua kwa maji yaliyokwisha tumika. Mama alitawadhia ndani ya beseni. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea samaki, tuliyoogea, yote beseni. Mbebaji mimi. Mama aliuzungushia miiba ya mkunazi kwa ajili ya mbuzi, na kiangazi aliufunika makuti upande wa gharbi. Mti ukitupa jani lake chini, yale majani kama nywele, mama hataki nifagie. "Liache, ndilo godoro lake." Mwaka wa pili ukanipita kimo. Mwaka wa tatu mama akaazima mundu akaanza kuupogoa matawi ya chini, moja moja, kwa kulisemesha: pole, pole, usijali. Nilikuwa nikiona haya mtu asije akamsikia. Mwaka wa nne mti umeipita mitende, unaonekana toka baharini, na upepo ukipita ndani yake unavuma ule uvumi wake ambao mitende haina. Usiku wa kwanza mama alipousikia vizuri alikaa kitako kitandani mpaka nikalala nikamwacha.

Ndipo wakaanza kuja wanawake. Tulikuwa wachache kutoka Unguja siku zile, tumetawanyika kwa jamaa, kila mmoja kwenye pembe yake, kila mmoja anashukuru. Wakasikia kuna mvinje. Alkhamisi baada ya alasiri walikuja wawili watatu, wengine kwa punda kutoka Ansab, mmoja mpaka kutoka Yiti alikuja na mashua mara moja kwa mwezi na samaki wake wa chumvi. Mama akatandika jamvi chini ya mti.

"Mwenzangu umenona! Wanakulisha nini huko?"

"Maneno ya mawifi."

"Hayo hayanenepeshi, mie ningekuwa pipa."

"Chai iko wapi? Mnatukalisha kama tumekuja kuposa!"

"Posa basi, binti huyo hapo, kazi yake kununa."

Huyo aliyenuna ni mimi. Walikuwa wakicheka kwa sauti, wanapiga mapaja, kanga zinawaanguka mabegani, na Kiswahili chao kinasikika mpaka barabarani. Kule kwa jamaa zao walikuwa wakinong'ona wiki nzima, na Alkhamisi wanafungua. Leo nafahamu. Wakati ule nilikuwa nikiingia ghalani nikajitia napanga vyombo. Nilikuwa nimejifunza Kiarabu kama wanavyosema wao, na buibui nilijitanda kama wao, na nilitaka watu wasahau nimetoka wapi. Mke wa ami alipita akasema, "Wageni wenu wanacheka kama wako ngomani," nami nikaenda nikamwambia mama, mbele yao, "Waambie wapunguze sauti, watu wanatusema." Yule wa Yiti akaanza kukusanya kikapu chake. Mama alimshika mkono tu akamkalisha.

Ilikuwa hivi: mke wa ami alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, yuko Kuwait anafanya kazi, na ami alikuwa ameanza kusema mwanawe huyo anioe mimi. Nilikuwa nimefika miaka ishirini na mitatu. Msichana wa umri huo, hana baba, hana bangili, analala ghalani, hachagui. Na sitasema uwongo mwingine tena hapa, nilimtaka. Alikuja mara moja likizo, akanisalimia kwa Kiswahili kibovu, nikampenda kwa hilo.

Basi huyo mtoto akaleta mashine ya maji kutoka Kuwait. Kabla ya hapo maji yalivutwa na ng'ombe, anashuka anapanda siku nzima, gurudumu linalia. Mashine ilikuja Matrah kwa meli, ikaletwa juu ya gari, watu wakasimama kuitazama. Ilipoanza kuvuma na maji yakatoka unene wa paja la mtu, ami alilia. Alikuwa akiiwasha toka jua likichomoza mpaka adhuhuri, na siku nyingine tena baada ya alasiri, ili majirani wasikie. Akapanda viazi, akapanda majani ya ng'ombe, akalima mpaka mchanga ambao haujalimwa toka kuumbwa.

Mwezi wa tatu wa mashine, chai ikawa na ladha. Mwezi wa tano milimau ikaungua ncha za majani, kama iliyokaribishwa moto. Kisima kilikuwa kimeingia chumvi.

Mimi ndiye mtekaji wa maji ya nyumbani, kwa ndoo, kila siku, kwa hivyo hakuna aliyejua kama mimi. Maji ya alfajiri, kabla mashine haijawashwa, yalikuwa bado yanakunywika. Ya adhuhuri, mashine ikisha kuvuta, ulikuwa kama umeteka pwani. Mama naye alijua, kwa kuwa alitawadha mara tano na kusukutua mara tano. Akaniita siku moja akanionjesha.

"Hii ya alfajiri. Hii ya alasiri. Umeona?"

"Nimeona."

"Mashine hiyo inaivuta bahari. Kwetu kisima cha pwani hukiteki mpaka kikauka, unakipumzisha. Hawajui hilo? Watu wa mitende wote hawa?"

Lakini watu walikuwa wamekwisha kusema ni mti. Aliyeanza ni mke wa ami. Mizizi ya mvinje ilikuwa imetokeza ukutani mwa kisima, myekundu, myembamba, kama ndevu zilizotiwa hina, na kila anayeinama anaiona. Mizizi hiyo niliiona mimi mwaka wa tatu, zamani, na chai ilikuwa tamu. Ila nani aniulize.

Wakaniuliza. Ami aliita basir kutoka Ansab, ndivyo wanavyoitwa huku watu wenye ujuzi wa maji ya chini ya ardhi. Hukumu yake haibishwi, akisema chimba, watu wanachimba, akisema kata, wanakata. Mama alifurahi. Alisema huyo ni fundi, atajua. Siku hiyo alijaza mitungi miwili midogo, mmoja wa maji ya alfajiri na mmoja wa maji ya jana yake alasiri, akaifunga vitambaa vya rangi mbili asichanganye, akaiweka nyuma ya mlango wa ghala.

Asubuhi hiyo hiyo mke wa ami aliniita jikoni. Alikuwa akitia zaafarani kwenye halwa ya mgeni. Hakuniangalia. Kwa Kiswahili, akaniambia:

"Ile mashine mwanangu kailetea jasho lake. Basir atakuuliza wewe, maana ndiye unayeteka. Mtu atakayesema mashine imeharibu kisima, asijisumbue kutiwa hina katika nyumba hii. Umefahamu, mwanangu?"

"Nimefahamu."

"Lete sinia."

Basir alikuwa mtu mfupi, mchafu wa ndevu. Alionja maji akatema. Akainama kisimani akatazama mizizi. Akaitazama mashine, akauliza inavuta saa ngapi. Ami akajibu, "Kidogo tu, ya kunyeshea." Basir akala halwa. Na mimi naamini alijua, na huyo namtaja pamoja na wengine. Kisha akauliza nani mtekaji. Nikasimama nyuma ya pazia la mlango, mama yuko kando yangu, mkono wake umeshika kitambaa cha mtungi.

"Ewe binti, chumvi uliianza kuionja lini?"

Nikasema, kwa Kiarabu kizuri, "Tangu ilipotokeza mizizi."

"Kabla ya mashine au baada yake?"

"Kabla."

Mama alifahamu. Neno hilo alilijua. Aligeuka akanitazama, na sikumtazama. Nje basir akasema, "Na huyo mwenye mti, asemaje? Yeye anatumia maji haya." Ami akaita. Nilisubiri mama aibebe mitungi atoke nayo. Nilitaka aitoe, Mungu ndiye anayejua, nilitaka na huku nnaogopa. Angeitoa ningekuwa mwongo mbele ya watu wote, na harusi imekufa, na mimi ningebaki wa ghalani mpaka leo. Yeye aliyaona yote hayo upesi kuliko mimi. Akaachia kitambaa. Kiarabu chake chote hakikupita maneno ishirini, na siku ile alitumia matatu:

"Kalam bint, sahih."

Maneno ya binti yangu ni ya kweli. Basir akajifuta vidole, akasema kata.

Mama aliichukua mitungi yote miwili akaimwaga shinani mwa mvinje, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama siku zote. Ami alileta watu watatu na misumeno, wakaukata siku mbili. Ulikuwa mgumu, msumeno mmoja ulikatika meno. Alkhamisi wanawake walikuja wakakuta anga tupu. Yule wa Yiti akauliza kwa ukali, "Nani kaukata?" Na mama akamjibu, mimi nnasikia, "Ulikuwa unakunywa maji ya watu, bibi. Tumeukata wenyewe." Wakakaa kidogo juani, wakaondoka. Mara ya pili walikuja wawili. Baadaye hakuja mtu.

Mbao walizipanga nyuma ya jiko zikauke. Kuni ya mvinje haina mfano, inawaka taratibu na makaa yake hayafi upesi. Mwaka wa sabini mchumba alirudi, mwaka ule ule milango ya nchi ilipofunguliwa na jamaa zetu wa Unguja walipoanza kurudi kwa wingi. Tukaozeshwa. Nyama na wali wa harusi yangu vilipikiwa kuni zile. Niko ndani nimetiwa hina mpaka viwikoni, natazama kwenye tundu la kuti, nikamwona mama amechutama mbele ya masufuria anapuliza moto, macho yamejaa moshi, na mke wa ami amesimama nyuma yake anamwambia ongeza, ongeza, usione uchungu wa kuni.

Kisima hakikupona. Mwaka mmoja baada ya mti kukatwa hata mbuzi waliyakataa maji yake. Milimau ilikufa yote, kisha mitende ya karibu. Hapo mtu mwenye akili angeuliza, mbona mti haupo na chumvi ipo? Hawakuuliza. Walisema mizizi imebaki ardhini. Mashine waliiuza, na ami mpaka kufa kwake alisema yule mwanamke wa Unguja alimlipa wema wake kwa chumvi.

Mama aliishi nasi miaka mingi baadaye, kwenye nyumba ya matofali, maji ya bomba. Mara moja tu nilijaribu. Nilimwambia, "Mama, siku ile ya basir..." Akasema, "Basir yupi? Hebu nitazamie huo wali, usishike chini." Nikaenda kutazama wali. Haukuwa umeshika. Nilikaa jikoni muda mrefu kuliko ulivyotaka wali, kisha nikarudi nikakuta anaswali. Baada ya hapo sikujaribu tena, na sasa hayupo wa kujaribiwa.

Nimewataja wote. Jirani, ami, mkewe, basir na halwa yake. Kwa miaka nilikuwa nikiwahesabu kichwani na kila mmoja nikimpa fungu lake la lawama, na kila nikimaliza naona yote nimeyagawa na langu bado liko pale pale. Wao walisema wasiyoyajua, au waliyojitia hawayajui. Aliyeyaonja maji kwa ulimi wake ni mimi.

Mume wangu si mtu mbaya. Hajui. Ana kisa chake anachokipenda, wageni wakija huwasimulia: mkwewe aliyekimbia vita akaacha dhahabu akachukua vikokwa, akapanda jini la mti likanywa kisima kizima cha baba yake likakitia chumvi. Anakisimulia vizuri, mpaka sauti ya mama anaiga. Watoto wangu wanakijua kwa moyo. Ijumaa iliyopita alikisimulia tena, kwa watu wa kazini kwake, na alipofika pale mama anaposema unazaa upepo, wote wakaangua kicheko. Nilikuwa nawamiminia kahawa. Mmoja wao akanigeukia akaniuliza, "Kweli hayo, mama?"

Nikamwambia kweli. Na nikacheka nao.